Betri Ikifa, Inafia Mikononi mwa Nani?

Kila muhula una mjadala wake pale kwenye vimbweta vya Uhandisi. Muhula uliopita ilikuwa Bodi na bumu lililochelewa. Muhula huu ni gari la umeme. Mtu mmoja akirusha kwenye grupu la darasa video ya kigari kidogo cha Kichina, bei imeandikwa kwa maandishi mekundu, basi jioni hiyo hakuna anayesoma tena. Wapo wanaoapa kwamba mafuta yamekwisha habari yake, miaka mitano ijayo vituo vya mafuta vitageuzwa kumbi za harusi. Wapo wanaocheka mpaka machozi: "Simu yangu tu inazima saa nane mchana, leo niamini gari?"

Kambi ya kwanza inawaita wa pili washamba. Kambi ya pili inawaita wa kwanza machawa wa Wachina. Chai inapoa, mjadala unaahirishwa, kesho tunaanza upya.

Mimi nasoma umeme, mwaka wa tatu, kwa hiyo watu wananihesabu kambi ya kwanza bila hata kuniuliza. Lakini mwaka huu jambo hili lilinifuata nyumbani, likatoka kwenye ubishi likawa hesabu. Kuna mtu aliniuliza swali la gari la umeme akiwa na fedha mkononi, na fedha zenyewe zina uhusiano wa moja kwa moja na mimi kuendelea kukaa hapa Mlimani.

Mtu huyo ni mjomba wangu. Anaendesha teksi ya mtandao hapa Dar, na gari lake ni lile lile la kila mtu, Toyota IST. Bodi inanilipia sehemu ya ada. Sehemu inayobaki inatoka kwenye IST ile. Ikilala gereji wiki moja, wadogo zangu wanajua na mimi huku najua. Ndiyo maana aliponipigia simu siku ile nikakaa sawa kwenye kiti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Masomo yanakwendaje? Haya, sikiliza. Kuna Nissan Leaf, gari la umeme, wanauza milioni kumi na tano. Jamaa yangu ananiambia mafuta nasahau kabisa. Nimepiga hesabu, nikiuza IST na nikiongeza cha SACCOS, naliweza. Wewe ndiyo unasomea haya mambo. Nambie, ninunue?"

Nilimwomba wiki mbili. Yaliyofuata hapa ni yale niliyoyakuta katika wiki hizo mbili, na nayaandika kwa sababu naona ubishi wetu wa vimbwetani unauliza swali lisilo lenyewe.

Tuanze na gari. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, Japani na Marekani. Magari ya umeme yalikuwepo kabla yake, lakini hili ndilo la kwanza kampuni kubwa kulitengeneza kwa wingi kwa ajili ya mtu wa kawaida: milango mitano, viti vitano, buti la kutosha. Mwaka 2011 lilichaguliwa Gari Bora la Mwaka Ulaya na duniani. Bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 32,780, na serikali ikamrudishia mnunuzi hadi dola 7,500 kwenye kodi. Mkuu wa kampuni wakati huo, Carlos Ghosn, alitabiri kwamba kufika 2020 gari moja kati ya kila kumi yanayouzwa duniani litakuwa la umeme.

Wenye mashaka walicheka kama tunavyochekana sisi. Mwaka 2020 ulipofika, magari ya umeme hayakufika hata nusu ya utabiri ule. Wenye mashaka wakasema si tuliwaambia. Lakini miaka mitatu tu baadaye, 2023, yalikuwa karibu asilimia 18 ya magari mapya yote yaliyouzwa duniani, ukihesabu na yale yanayotumia umeme na mafuta kwa pamoja. Mwaka na tarakimu alivikosea Ghosn, mwelekeo akaupatia. Kwa hiyo anayesema "haiwezekani" naye amepitwa.

Sasa kwa nini gari lililouzwa dola elfu thelathini na mbili liwe milioni kumi na tano Dar? Kwa sababu lilitumika Japani miaka kumi na zaidi. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, meli zinakuja kila mara. Vile vigari vya Kichina vya kwenye video vimejengwa kwanza kwa ajili ya barabara zao, usukani kushoto. Kwa mtu wa kipato cha mjomba, gari la umeme la bei nafuu linalopatikana leo ni la mtumba. Ukilikagua, redio na ramani yake bado vinaongea Kijapani.

Hesabu ya mafuta nilifanya ya kwanza, na nakiri ni tamu. Petroli tuchukue shilingi 3,000 kwa lita. IST mjini, na foleni zetu hizi, tuipe kilomita 12 kwa lita. Hiyo ni shilingi 250 kwa kila kilomita. Leaf ya zamani, ukihesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji, inakwenda kama kilomita 5 kwa uniti moja. Uniti tuiweke shilingi 360 pamoja na kodi. Hiyo ni shilingi 72 kwa kilomita. Mjomba anatembea wastani wa kilomita 120 kwa siku. IST inakula 30,000. Leaf ingekula 8,640. Kwa siku 26 za kazi, tofauti ni zaidi ya laki tano na nusu kila mwezi. Tena kwenye foleni gari la umeme likisimama halichomi kitu zaidi ya kiyoyozi. Hakuna oili ya kubadilisha, plagi hazipo, mikanda ya injini hakuna.

Laki tano na nusu kwa mwezi, mwanachuo mwenzangu. Ada yangu inatoka humo na chenji inabaki. Kama ningeishia hapo, ningempigia simu jioni ile ile nimwambie anunue.

Lakini gari la umeme lina moyo mmoja tu, betri. Ndani ya Leaf ya kwanza mna betri ya uniti 24. Likiwa jipya, vipimo vya serikali ya Marekani vililipa kilomita 117 kwa chaji moja. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza kikipotea, ujue uwezo umeshuka kama asilimia 15. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6 na robo nyingine. Lile gari aliloonyeshwa mjomba lilikuwa na vistari tisa. Piga hesabu: limebakiwa na takriban asilimia 72, ambazo ni kilomita 84 barabara ikiwa nzuri, bila kiyoyozi cha kumaliza chaji.

Mjomba anahitaji 120. Na hapo hatujazungumzia abiria wa Bagamoyo. Kwa dereva wa teksi safari ya Bagamoyo ni sikukuu, siku nzima ya kazi kwenye abiria mmoja. Kwa kilomita 84 unafika Bagamoyo, unamshusha abiria, halafu unaanza kuulizia watu kama wana soketi.

Nilipofika hapa nikakuta kisa cha Phoenix, mji wa jangwani kule Arizona, Marekani. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, inapozwa na hewa tu. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix walianza kuona vistari vinapotea mapema mno, gari lina mwaka na kitu tu. Mwanzoni waliambiwa huenda vipimo vya kwenye dashibodi ndivyo vyenye matatizo. Wao wakakusanya magari yao, wakayachaji mpaka yakajaa, wakayaendesha barabarani mpaka yakazima, wakaandika kila kilomita. Mwisho wa mwaka ule kampuni ilitangaza waranti mpya: vistari vikishuka chini ya tisa ndani ya miaka mitano au maili 60,000, ambazo ni kama kilomita 96,000, kampuni inatengeneza au inabadilisha betri.

Kisa hiki nilikisoma mara tatu. Watu wale walilipenda gari lao kuliko mtu yeyote, na wao ndio waliotia shaka kwa sauti kubwa kuliko wote. Shaka yao ndiyo iliyoleta waranti. Tangu nisome hapo, mtu akiniambia kwamba kulitilia shaka gari la umeme ni ushamba, namwambia akawaulize wa Phoenix.

Shida ni kwamba waranti ile haikupanda meli kuja Dar. Muda wake umekwisha zamani, na hata kama ungekuwepo, ilikuwa ya mnunuzi wa kule. Gari limekuja, vistari tisa vimekuja, hofu imekuja nayo. Aliyepaswa kubeba hofu amebaki ng'ambo.

Jumamosi ya wiki ya kwanza tulikwenda yadi kuliona. Nilikuwa nimeazima kwa mshikaji wangu kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinaongea na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Programu hiyo inasoma afya ya betri kwa asilimia, na inakuonyesha kila seli moja moja. Vistari vya dashibodi mtu anaweza kuvirudisha kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vikaonekana vipya kwa muda. Seli zenyewe ni ngumu zaidi kuzipaka poda.

Muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu. Alitufungulia milango, akawasha kiyoyozi, akamwambia mjomba, "Mzee wangu, hili halina injini, sasa litakuharibikia nini?" Nilipotoa kifaa changu uso ukabadilika. Akasema hicho kitu kinaunguza kompyuta, bosi wake haruhusu. Nikamwomba basi tuliendeshe mpaka Mbezi na kurudi tuone chaji inashuka vipi. Hilo nalo halikuwezekana, mwisho ni kulizungusha ndani ya yadi. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono kwa heshima, tukaondoka.

Njiani alikaa kimya mpaka tulipokaribia Ubungo, ndipo akauliza: "Mjomba, hii betri ikifa, inafia mikononi mwa nani?"

Nilikuwa na jibu la bei. Mwaka 2014 kampuni ilitangaza kule Marekani kwamba betri mpya ya uniti 24 ni dola 5,499, ukiwarudishia ya zamani. Kwa dola moja shilingi 2,600, hiyo inapita milioni 14, kabla ya meli, ushuru na fundi. Kwa maneno mengine, betri ni bei ya gari zima. Lakini mjomba hakuwa ameuliza bei. Aliuliza ni nani.

Na ukilifikiria swali lake unaona kwa nini IST imeuteka mji huu. IST si gari la ajabu. Lakini injini yake ya 2NZ ikifa leo saa nne asubuhi, mjomba anajua cha kufanya. Anampigia fundi wake. Fundi anakwenda Gerezani au Ilala, anapata injini ya mtumba, wanapatana bei, kesho kutwa gari liko barabarani. Fundi anakubali kulipwa nusu leo na nusu mwisho wa wiki. Muuza spea anakubali kurudishiwa kama haikufaa. Kijana wa gereji amejifunza injini ile kwa kuifungua mara mia. Mji mzima umejipanga kumsaidia mjomba kubeba hasara ya IST, na hakuna hata mmoja aliyetia saini mkataba wowote. Hiyo ndiyo waranti yetu. Hailetwi na meli, tumeijenga wenyewe kwa miaka mingi.

Leaf ya milioni kumi na tano haina Gerezani. Seli moja ikifa, nani anafungua lile sanduku lenye volti karibu 400? Nani ana mashine ya kupima seli moja moja na kuichagua iliyo nzima? Wapo vijana wachache wameanza, nawaheshimu sana, lakini mtu anayelaza kiwanja chake SACCOS hawezi kutegemea namba ya simu ya kijana mmoja.

Kuna na suala la nyumbani, ambalo kwenye video za bei nyekundu hulioni kabisa. Mjomba amepanga. Nyumba ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Wapangaji wanagombana kwa sababu ya pasi. Soketi ya kawaida tuipe ampea 10 kwa volti 230, hiyo ni kilowati 2.3, sawa na pasi mbili zinazowaka pamoja usiku kucha, saa kumi mpaka kumi na moja. Kwa mwendo wa mjomba ni uniti 24 kwa siku, wakati nyumba nzima, friji mbili zikiwemo, inatumia uniti kumi na kitu. Mke wa mjomba alicheka nilipomweleza. "Wakituona tunachomeka gari, mwanangu, hata chumvi hawatatuazima tena."

Halafu gari lenyewe halilali nyumbani. Uchochoro ni mwembamba, linalala kwenye maegesho ya kulipia barabarani, mlinzi na taa moja. Umeme ungefikaje pale? Wanaosema gari la umeme unachaji usiku ukiwa umelala wanafikiria mtu mwenye geti. Ukichukua orodha ya madereva wa teksi wa mji huu, wenye geti ni wangapi?

Mgao niliuacha wa mwisho kwa makusudi, kwa sababu kwenye vimbweta ndio hoja ya kwanza. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yake tisa jumla ni megawati 2,115. Umeme wa kutosha magari mengi tu upo. Kinachosumbua ni nguzo, nyaya na transfoma za mtaani, na waya za nyumba iliyojengwa wakati mzigo mkubwa ulikuwa redio na taa. Huko ndiko umeme unakokatikia, na huko ndiko wahandisi wa umeme tunakotakiwa.

Sasa msomaji utasema nimehamia kambi ya pili. Hapana. Swali la mjomba lina majibu mahali pengine, tena si mbali.

Kule Ufaransa, Renault ilipoanza kuuza gari lake dogo la umeme, Zoe, mwishoni mwa 2012, mnunuzi alinunua gari, betri akaikodi kwa mwezi. Betri ikishuka chini ya robo tatu ya uwezo wake, ni shughuli ya kampuni. Jirani zetu Kigali, tangu 2019 kampuni ya Ampersand inafanya hivyo hivyo kwa pikipiki: dereva wa moto anamiliki pikipiki, betri ni ya kampuni. Ikiisha anafika kituoni, anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaendelea na abiria. Nairobi, tangu 2022, BasiGo inawapa wenye matatu mabasi ya umeme kwa mpango wa kulipia betri na chaji kwa kila kilomita. Mwenye basi haijui betri itakufa lini na hana haja ya kujua.

Angalia kwamba hakuna kati ya hao aliyesubiri betri isiyokufa. Zote zinakufa. Walichofanya ni kukubaliana mapema ifie mikononi mwa nani, na wakampa yule mwenye mfuko wa kuihimili. Dereva mmoja wa bodaboda akipoteza betri anarudi kijijini. Kampuni yenye betri elfu moja ikipoteza ishirini, hiyo ni gharama ya mwezi.

Na upepo unavuma upande mzuri. Kwa hesabu za BloombergNEF, betri za lithiamu mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa uniti moja ya uwezo. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Ndiyo maana China mwaka 2020 waliweza kutoa Wuling Hongguang Mini kwa yuan 28,800, kigari cha kilomita 120 kwa chaji, likauzwa kama njugu. Aprili 2023 BYD wakatoa Seagull kwa yuan 73,800, kama dola elfu kumi na ushee, kwa vipimo vyao kilomita 305. Betri yake ni ya aina ya fosfeti ya chuma, ambayo huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kuliko ile ya Leaf za kwanza. Magari haya yatazeeka, na mengine yatakuja kwetu yakiwa na usukani kulia. Kizazi cha mitumba kitakachotufikia baada ya miaka kumi kitakuwa na moyo mgumu kuliko hiki. Hilo nalisema bila wasiwasi.

Lakini bei ya betri kushuka hakumjibu mjomba peke yake. Betri ya bei ndogo isiyo na mtu wa kuipima, kuifungua na kuibeba inabaki kuwa bahati nasibu, tiketi tu ndiyo imepunguzwa bei.

Baada ya wiki mbili nilikwenda nyumbani nikamwekea hesabu zote mezani, tamu na chungu. Alisoma taratibu, miwani puani, huku mkewe akisomea begani. Halafu akageuza risiti ya mafuta, akaandika nyuma yake mambo matatu. La kwanza: gari lipimwe na mtu asiyeliuza. La pili: awe na mahali pa kuchaji pasipogombanisha majirani. La tatu: betri ikifa ndani ya miaka miwili, kuwe na mtu anayeibeba hata nusu. "Siku yakitimia haya matatu, mjomba, hata kesho nauza IST." Risiti ile ameichomeka kwenye kivuli cha jua, juu ya usukani. Fedha za SACCOS hakuchukua. IST inaendelea kula 30,000 kwa siku, na kila akijaza mafuta ananitumia picha ya pampu bila maneno. Ujumbe naupata.

Kuna kitu katika orodha ile kimeninyima usingizi, nacho ni cha kwanza. La pili linahitaji mitaji, la tatu linahitaji makampuni na bima. Lakini la kwanza, mtu asiyeliuza awe na kipimo, hilo linahitaji nini? Chumba, meza, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, mzigo wa kumalizia chaji, saa, daftari, na mtu aliyesomea umeme anayejua volti 400 hazina utani. Vyote hivyo au vingi vyake viko kwenye maabara zetu hapa hapa chuoni, vingine vimefunikwa na turubai.

Kila mwaka mwanafunzi wa mwaka wa nne anatafuta mradi. Nimeshaona kengele za milango zinazoongea na simu mpaka zimenichosha. Nani atapima betri za Leaf kumi zilizokwishaingia mji huu, aandike zimebaki na asilimia ngapi, zimekaa miaka mingapi kwenye joto letu? Dar haifikii joto la kiangazi cha Phoenix, lakini haina baridi ya kuipumzisha betri pia. Jibu la hapa halimo kwenye makala ya Arizona. Linatakiwa litoke hapa. Watu wa Phoenix hawakuwa maprofesa; walikuwa na magari, barabara na karatasi.

Mimi nimeshaandika jina langu kwa mwalimu wa maabara kwa ajili ya mwaka ujao. Natafuta wenzangu wawili, mmoja wa mitambo na mmoja wa kompyuta. Natafuta na mwenye Leaf aliye tayari kutuachia gari lake siku moja, tutalirudisha limechajiwa. Kambi zote mbili za vimbweta zinakaribishwa. Wenye mashaka nawahitaji zaidi, maana wao ndio watakaoandika namba zilivyo.